Kosa la Kutelekeza Kikapu

Nchi hii haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri, lenye mahadhi ukilitamka, lakini msimu mmoja wa punguzo wakubwa waliliuza kwa nusu bei kwa kampuni ya magodoro, na tangu hapo wananchi huambiwa tu kwamba wao ni watu wa hapa. Hakuna aliyelalamika. Magodoro yenyewe ni mazuri, na wimbo wa taifa ulibaki vilevile, isipokuwa penye jina sasa hupigwa kengele.

Katika nchi hiyo, kwenye mtaa wa nyumba zenye mabati yaliyoliwa na kutu, aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani pamoja na mama yake mzazi, Bi. Mwanakheri. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Sikudhani alimketisha mama yake kwenye kigoda, akamtia mafuta ya nazi kichwani na kumsuka. Nywele zenyewe zilikuwa zimebaki chache, nyeupe, laini kama pamba iliyochambuliwa, na mikono ya haraka ingezimaliza mara moja. Sikudhani hakufanya haraka. Ule ndio muda pekee wa siku ambao hakuna aliyemuuliza kitu.

Asubuhi moja alikuwa amefika nusu ya kichwa pale king'ora kilipolia.

Kililia kutoka kwenye simu, na kwa kuwa sheria inamtaka kila mtu awe na simu na kila simu iwe na sauti, kililia mtaa mzima kwa mpigo. Jogoo wa jirani alinyamaza, akaona kazi yake imepata mwenyewe. Ilikuwa Siku ya Kushuka Bei. Siku hii haitangazwi mapema, kwa sababu Wizara ilikwisha kueleza kuwa mwananchi akiijua kabla anaweza kupata nafasi ya kufikiri, na kufikiri kumewahi kuharibu biashara nyingi.

Sikudhani alisimama wima kama inavyotakiwa, simu kifuani, chanuo mkononi. Mama alibaki nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa.

"Wanauza nini leo?" aliuliza Bi. Mwanakheri.

"Nyamaza mama, wanasikia."

"Waache wasikie. Walisikia paa linavuja masika yote, walifanya nini?"

Kwa kweli walikuwa wamesikia. Simu za nchi hii zina masikio mazuri kuliko ya madaktari wake. Kwenye kioo ilitokea ndoo. Haikuwa ndoo hivihivi tu. Iliitwa Ndoo ya Mvujo, ilikuwa na taa ya buluu ukingoni na kinanda kidogo kitakoni, hata kila tone lililodondoka lilitoa sauti tamu na mwenye nyumba akapata usingizi kwa muziki wa paa lake mwenyewe. Bei ya jana ilikatwa kwa mstari mwekundu. Bei ya leo iliandikwa kwa kijani. Chini yake saa ilikuwa inarudi nyuma kwa pupa, kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na sauti ya msichana, laini kama sabuni ya hotelini, ikasema, "Sikudhani, mama yako anastahili."

Sikudhani hakutaka ndoo. Alitaka bati. Kitanda cha mama yake kilikuwa kimehamishwa pembe zote nne za chumba kukwepa matone, na pembe ya tano chumba hakikuwa nayo. Kifua cha mzee kilianza kukwaruza tangu masika, na sasa vuli ilikuwa inabisha hodi. Kwa hiyo Sikudhani aliingia mchezo na wanawake wenzake wa mtaani, wa kuchangishana kila mwezi na kupokezana, na zamu yake ya kupokea ilikuwa wiki hiyohiyo. Fedha ya mchezo ingetosha bati na misumari. Isingetosha kitu kingine chochote, hata kiwe na kinanda.

Chini ya ndoo kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa NDIYO. Kingine kiliandikwa NITARUDI.

Ikumbukwe kwamba watu wa nchi hii wana adabu. Hawamwambii muuzaji "sitaki". Neno hilo huonekana zito, kama kumbamizia mtu mlango usoni. Mtu huingia dukani, akakunjua vitenge vyote, akavinusa, akauliza bei, na akiona bei haimfai humtazama mwenye duka kwa upole na kusema, "Nitarudi." Mwenye duka hujibu, "Karibu sana," na wote wawili wanajua hawataonana tena kwa habari ya kitenge kile. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyedanganyika. Ndivyo mababu walivyoishi kwa amani na wenye maduka.

Sikudhani akabonyeza NITARUDI, ndoo ikaingia kwenye kikapu chake cha mtandaoni, akaweka simu chini, akaendelea kusuka.

*

Adhuhuri ile Waziri wa Punguzo na Furaha ya Taifa alilihutubia taifa. Alikuwa mtu wa heshima na kitambi, mwenye saa tatu kwenye mkono mmoja kwa kuwa zilikuwa zikiuzwa tatu kwa bei ya mbili. Ofisi yake ilikuwa kwenye jengo moja na Wizara ya Kupandisha Bei, mlango ukitazamana na mlango. Wale wa upande wa kulia walipandisha bei Jumatatu, wale wa upande wa kushoto wakaishusha mpaka pale ilipokuwa kabla ya kupandishwa, kisha pande zote mbili zikapongezana koridoni na kutunukiana nishani.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "nasimama mbele yenu nikiwa na majonzi. Asubuhi hii, vikapu vya mtandaoni visivyo na idadi vimejazwa na kutelekezwa. Mzazi akimtelekeza mtoto wake tunamwitaje? Sasa huyu anayekijaza kikapu, akakipa matumaini, kisha akakiacha gizani huko kwenye mtambo, kinawaza kimekosa nini, huyu tumwiteje?"

Naibu Waziri alitoa kitambaa, akafuta macho. Kitambaa kilikuwa bado na karatasi ya bei.

"Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema ahadi ni salamu. Kuanzia leo hakuna msamaha: anayesema atarudi, arudi."

Akaongeza kuwa wahenga wenyewe wamefanyiwa marekebisho madogo. Haba na haba sasa hujaza kikapu. Ile methali ya kwamba rahisi huvunja upishi imefutwa kabisa, na atakayesikika akiinong'ona hata jikoni kwake atachukuliwa hatua. Mwandishi mmoja wa habari, kijana asiyejua dunia, aliinua mkono akauliza kama bei iliyoshushwa leo si ileile iliyopandishwa juzi.

Waziri alimtazama kwa huruma ya baba. "Mwanangu," alisema, "bila kupanda, utashuka kutoka wapi?"

Ukumbi ulisimama kumshangilia, na mwandishi akapewa birika la umeme ili atulie.

*

Jioni, Balozi wa nyumba kumi, Shomari Kibwana, alipiga hodi kwa Sikudhani. Balozi alikuwa mzalendo wa kupigiwa mfano. Nyumba yake ilijaa mizigo ya punguzo mpaka mlango haukufungika, na yeye na mkewe walikuwa wakilala barazani, kwa zamu, kwenye boksi la jokofu. Jokofu lenyewe lilikuwa ndani, halijawahi kufikiwa.

"Shikamoo, mama," alimsalimu Bi. Mwanakheri.

"Marahaba. Umevaa koti la mvua na miwani ya jua, mwanangu. Unatarajia nini hasa?"

"Vilikuja pamoja, mama." Akamgeukia Sikudhani. "Sikai. Nikikaa nitakosa ukali." Akakaa. Akaletewa chai na mkate wa kumimina, akavipokea. "Mwanangu, nimekuja kwa habari nzito. Kikapu chako kinalia."

"Kinalia, Balozi?"

"Nimeonyeshwa kwenye mtambo. Kina ndoo moja tu, peke yake, imejikunyata."

"Ipeni maziwa," alisema Bi. Mwanakheri.

Balozi alijifanya hakusikia. "Ulibonyeza utarudi, na sheria unaijua. Nieleze basi, unalipa lini?"

Sikudhani alikuwa mtu wa haya. Tena kazi yake, ambayo tutaifikia, ilikuwa imemfundisha kumjibu kila mtu bila kumwambia chochote. Akajibu kama ambavyo angemjibu mtu yeyote:

"Kesho, inshallah."

Simu yake ikalia ting. Ile sauti ya sabuni ikasema, "Asante, Sikudhani. Ndoo ya pili imeongezwa kwa ajili ya kesho."

Sikudhani akashtuka. "Hapana, nilikuwa nasema tu. Halafu mtandao nao unasumbua siku hizi."

Ting. "Mashine ya kukuza mtandao imeongezwa."

"Jamani. Ngojeni basi mshahara utoke."

Ting. "Pochi ya ngozi ya kuhifadhia mshahara imeongezwa."

"Au ngoja kwanza nimshauri mama."

Ting. "Viti viwili vya mashauriano vimeongezwa. Usafirishaji ni bure."

"Nyamaza mwanangu," alisema Bi. Mwanakheri, "utatununulia meli."

Balozi alitazama jumla kwenye simu, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Kwa ufundi ambao mtu mwema angeuita bahati mbaya, jumla ilikuwa imesimama palepale ilipolingana na fedha ya mchezo ambayo Sikudhani alikuwa bado hajaipokea.

"Unaona?" alisema Balozi, akiwa na mkate mdomoni. "Serikali hii haimtwishi mtu asichokiweza. Una mpaka Ijumaa jioni. Ukishindwa, Jumamosi inakuja Kamati ya Kusuta, na hilo sipendi, kwa kuwa mimi nawe ni kama ndugu. Pia ninavuliwa beji yangu kikapu kimoja kikibaki."

"Tutaangalia, Balozi," alisema Sikudhani, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ting, ilisema simu. Ilikuwa darubini, lakini hiyo ilikuwa zawadi.

*

Sikudhani alikuwa karani wa simu kwenye Mamlaka ya Maji. Alisoma chuo kupata nafasi hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa kuinua mkono wa simu, kumsikiliza mwananchi ambaye bomba lake halijatoa tone tangu mwaka jana, na kumwambia, "Tunalishughulikia." Aliisema kwa sauti ya huruma hasa, na watu wengi walimshukuru. Maji hayakutoka kwa sababu Mkurugenzi alinunua shehena ya koki zinazong'aa zilipokuwa kwenye punguzo, lakini mabomba hayakuwa kwenye punguzo. Koki sasa zilipangwa ukumbini, na wageni kutoka nje huja kupiga nazo picha.

Wiki ile ofisi nzima ilikuwa ya furaha. Mwenzake wa meza ya pili alikuja na boksi begani.

"Dada Sikudhani, nipe hongera. Nimeokoa laki mbili."

"Hongera. Ziko wapi?"

"Ziko wapi nini?"

"Hizo ulizookoa."

Mwenzake alishusha boksi. "Wewe umeamkaje leo?"

Swali la Sikudhani lilikuwa la kitoto, ni kweli. Hata Waziri wa Fedha, akisoma bajeti mwaka huo, alitangaza kuwa taifa limeokoa fedha nyingi kuliko taifa lolote duniani, na kwamba kwa ajili hiyo Hazina itafungwa, maana hakuna tena kitu ndani cha kulinda. Wabunge walipiga meza. Meza nazo zilikuwa mpya.

Sikudhani alikaa kwenye kiti chake akiitazama simu ya ofisi inavyolia. Alimfikiria mama yake akikohoa huku amejifunika khanga usoni asisikike. Mzee alikuwa na tabia hiyo, kukohoa kwa adabu. Akainua simu. "Tunalishughulikia," akasema, na kwa mara ya kwanza maneno yalimwacha na ladha mbaya, kama mtu aliyelamba sarafu.

*

Siku ya kupokea mchezo wanawake walikutana kwa Bi. Jokha, mama mwenye sauti iliyoweza kumwita mtoto kutoka mtaa wa tatu bila kutoka kitandani. Walimpigia Sikudhani vigelegele, wakamkabidhi fedha yake, na yeye akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Nakuonya," alisema Bi. Jokha. "Kutoka hapa ni dukani. Usipite popote. Usifungue simu. Mimi mwaka jana nilipokea ya kwangu nikiwa na shida ya choo, nikaifungua simu kutazama saa tu, basi. Sasa hivi nina viatu vya kupandia milima, na choo kiko vilevile."

"Uliwahi kuvivaa, shoga?" aliuliza mmoja.

"Navivaa nikienda chooni."

Walicheka mpaka wakashikana. Sikudhani naye alicheka, akatoka, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Faki, muuza vifaa vya ujenzi.

Duka la Mzee Faki lilikuwa la mwisho mjini kuuza kitu kwa bei yake. Bati halikuwahi kuingia kwenye punguzo hata siku moja. Wizara ilikwisha kulitafakari suala hilo na kuamua kuwa mtu akishaezeka vizuri hanunui ndoo, na huo ungekuwa uhujumu. Mzee Faki alimkaribisha Sikudhani kwa macho ya mtu asiyezoea wateja, akamteremshia bati moja, akaligonga kwa kidole ili alisikie.

"Hili atalikuta mjukuu wako," alisema. "Ila lete kwanza simu, mwanangu. Siku hizi siruhusiwi kuuza mpaka mashine iridhike."

Akaiweka simu kwenye mashine ndogo iliyofungwa ukutani na watu wa Wizara. Taa nyekundu ikawaka, na sauti ya sabuni ikasema kwa huzuni, "Mteja huyu ana kikapu kinacholia."

Mzee Faki akalirudisha bati mahali pake, taratibu.

"Lipia kikapu chao, upate ruhusa ya kununua changu."

"Nikilipia chao sibaki na cha kununulia chako, mzee."

"Ndiyo hapo."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kusutwa. Ukishasutwa na kujibu, shauri linafungwa. Lakini sijasikia aliyesutwa asilipe. Watu wetu unawajua. Mtu atavumilia mvua chumbani mwake miaka, ila aibu mlangoni hawezi dakika." Alikohoa, akatazama pembeni. "Hata mimi nina mashine ya kukamulia ng'ombe humo ndani. Ng'ombe sina."

Sikudhani akachukua simu yake. "Basi mzee, nitarudi," alisema.

Safari hii alikuwa na nia ya kurudi kwelikweli, na ndiyo safari ambayo hakuna aliyemsadiki. Mzee Faki alimwitikia, "Karibu sana," kwa upole uleule wa mababu.

*

Zamani, kusuta kulikuwa shughuli ya wanawake wenyewe. Mtu akizua uongo, wenzake walijipanga, wakavaa sare, wakachukua ngoma, wakaenda mlangoni kwake na kumuuliza mbele ya watu: ulisema, hukusema? Serikali ilipoona jinsi shughuli hiyo inavyowatia watu hofu bila gharama, iliipenda mara moja. Ikaitungia kanuni, ikaipa fungu, ikaipa kipaza sauti. Sare ilikuwa khanga ya kijani, imeandikwa: ULIYESEMA UTARUDI, NJIA UNAIJUA.

Jumamosi asubuhi Kamati iliingia mtaani na ngoma. Majirani walitoka na vigoda vya kukunja, ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo vya ziada. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki, mazito, ya rangi ya jivu la kuni mbichi. Balozi Shomari alisimama mbele na simu ya Serikali juu ya mto wa mahameli, tayari kupokea malipo. Na kwa kuwa kanuni zinasema kiongozi wa Kamati awe mwanamke mwenye sauti kuliko wote mtaani, na awe na kosa lake mwenyewe la kikapu ili asilegee, aliyeshika kipaza sauti alikuwa Bi. Jokha.

Hakumtazama Sikudhani usoni. Alitazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa viatu vya kupandia milima.

Sikudhani alitoka na kusimama mlangoni, amejitanda, pindo la khanga limefumbatwa kiganjani. Nyuma yake mama yake alikaa kwenye kigoda.

"Sikudhani binti Mwanakheri," ilinguruma sauti ya Bi. Jokha, "ulisema utarudi, hukusema?"

"Nilisema."

Ngoma ikapigwa.

"Ulisema kesho inshallah, hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema mtandao unasumbua, hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema utamshauri mama yako, hukusema?"

"Hajanishauri mpaka leo," alisema Bi. Mwanakheri. Watu wakacheka, na kicheko kikamwingia mzee kifuani kikageuka kikohozi. Alivuta khanga usoni, akainama, akakohoa kwa adabu, kwa muda mrefu. Ngoma ilisubiri amalize.

Lilibaki swali moja. Kanuni hulitaja kama swali la huruma, linalompa mkosaji nafasi ya kulia, kuomba radhi na kulipa. Bi. Jokha alilisoma kwenye karatasi, kwa sauti iliyoanza kupungua.

"Basi ulipoyasema hayo yote, ulikuwa na maana gani?"

Balozi alisogeza mto wa mahameli karibu. Sikudhani alihisi uso unawaka. Macho yale yote, ambayo alikuwa ameyasalimu kila siku ya maisha yake, yalimngoja, na kwenye ulimi wake yalipanga foleni maneno yote mazuri aliyofunzwa: tutaangalia, tuombe uzima, tunalishughulikia. Alijua lolote atakalolichukua litapata bei. Nyuma yake alisikia pumzi ya mama yake inavyokwaruza, kama mtu anayeburuta kiti.

"Nilikuwa na maana sitaki," alisema.

Mpiga ngoma, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka, aliuacha hewani.

"Sema vizuri, mwanangu," alinong'ona Balozi. "Hutaki kulipa leo, siyo? Unataka kulipa kesho?"

"Sitaki ndoo."

Simu ya Serikali ilimetameta juu ya mto. "Samahani," ilisema sauti ya sabuni, "sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Sikudhani hakuwahi maishani mwake kuombwa kurudia jambo kwa upole kiasi hicho. "Sitaki," alirudia.

"Samahani. Tafadhali ongeza sauti."

Bi. Jokha alisogea. Bado alikuwa anatazama chini, lakini mkono wake uliinuka polepole, na kipaza sauti kikafika mdomoni pa Sikudhani na kusimama hapo.

"Sitaki ndoo," ilisema sauti ya Sikudhani, na ilisikika mpaka sokoni. "Sitaki ndoo ya pili. Sitaki mashine, sitaki pochi, sitaki viti, na hiyo darubini ya bure siitaki pia. Siku ile nilipobonyeza nilikuwa sitaki, na mlipokuja kula mkate nilikuwa sitaki, ila niliona haya."

Simu ilifikiri. Taa zake zilizunguka, zikasimama. "Kikapu kimefutwa," ilisema. "Asante kwa kutujulisha."

Wale walioitengeneza simu, huko ng'ambo ambako watu huambiana sitaki tangu asubuhi na bado wakaalikana chakula, walikuwa wameliweka neno hilo ndani tangu mwanzo. Wizara ilificha kitufe, ikasahau kufunga masikio. Wala haikuwa na sababu ya kuhangaika. Katika miaka yote ile, hapakutokea mtu mmoja wa kulijaribu.

Balozi aliipindua simu, akaitazama mgongoni, akaipindua tena. "Sasa mimi nitaripoti nini?" aliuliza, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Watu walikuwa wameanza kutoa simu zao mifukoni na kuzitazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa sana. Bi. Jokha aliketi kwenye ngazi ya mlango na kuanza kufungua kamba za viatu.

Balozi, hata hivyo, hakuwa mtu wa kukosa heshima ya kuondokea. Alivaa tabasamu, akaupapasa mto wa mahameli, akamsogelea Sikudhani na kusema kwa sauti ya ndugu:

"Basi mwanangu, yamekwisha, tusiwekeane vinyongo. Mchana kuna punguzo dogo tu la mapazia. Utapita pale kwangu uyaone, sivyo?"

Lilikuwa swali la kuagana, na jibu lake kila muungwana wa nchi ile analijua. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye midomo ya Sikudhani, limevaa, limejipaka mafuta. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati bovu la nyumba yake.

"Sitapita, Balozi," alisema Sikudhani. "Nakwenda kununua bati."